Maji Nyuma ya Nyumba ya Mama Rasoa

Wiki iliyopita kijana mmoja wa idara yetu alinikuta sokoni nikinunua viazi. Akanisalimia vizuri, akaniuliza habari ya kupumzika, halafu akaharibu. "Mzee," akasema, "nyinyi wa zamani mlikuwa na kazi rahisi. Ni kuchimba tu, maji yanateremka yenyewe."

Kuchimba tu! Nilimtazama kuanzia viatu mpaka kofia, nikaondoka, kwa sababu viazi vilikuwa mkononi na ningemtupia. Nimefika nyumbani nikachukua kalamu. Wewe kijana, na wenzako wote mnaoshika beleshi leo katika mji huu wa Eldoret, kaeni chini niwaambie maji yanavyoteremka yenyewe.

Mambo ya cheo na mshahara sitayagusa. Mshahara ulikuwa ule mnaoujua, na cheo changu cha mwisho kilikuwa nyapara. Nyapara ni mtu anayetukanwa na walio juu na walio chini yake, na mvua inamnyeshea kama wengine. Basi, hayo yameisha.

Nilikuja hapa mwaka ule nzige walipokula mtama wa mama yangu kule Maragoli mpaka mabua. Siku yangu ya kwanza kazini nilikuwa miguu peku, kipande, kile cheti cha kazi cha Mwafrika, kinaning'inia shingoni ndani ya kikopo chake, nikapewa beleshi lenye mpini uliopasuka. Nikauliza kama kuna lingine. Nyapara wa wakati ule alicheka mpaka akakohoa. Kufika saa sita viganja vyangu vilikuwa malengelenge matupu, na jioni nikaambiwa nimechimba mahali sipo, nifukie. Hivyo ndivyo nilivyokaribishwa mjini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Mzee Arap Birir, Mnandi mrefu wa masikio yaliyotobolewa, mpole kwa watu na mkali kwa vyombo. Ukiacha sururu yake kwenye matope, hakusemeshi mpaka kesho. Alikuwa amechunga ng'ombe wa baba yake hapa hapa mnapoona benki na maduka, kabla magari ya ng'ombe ya Makaburu hayajafika. Yeye na wenzake mji waliuita Sisibo, kwa ile namba ya shamba, sitini na nne kwa Kiingereza. Nilimwuliza siku moja kama haimuumi kuchimba mitaro ya nyumba za watu kwenye malisho ya baba yake. Akasema, "Musa, chimba." Nikachimba.

Sheria yake ilikuwa moja. Kwa Kiswahili chake alisema hivi: "Maji hapana fukuza. Maji nasindikiza." Mgeni akiondoka nyumbani kwako humsukumi nje ukafunga mlango. Unatoka naye, unaongea naye, unamfikisha njia panda, unaona ameshika njia ya kwao. Na maji ni hivyo. Kabla hujapiga jembe hata moja, ngoja mvua. Ikinyesha, wenzako wakikimbilia bandani, wewe toka na gunia la makapi ya ngano. Mwaga makapi mahali maji yamesimama, halafu tembea nayo. Yakizunguka, zunguka nayo. Yakilala, simama uangalie yamelalia nini. Usirudi mpaka umeona maji yameingia mtoni au yamenywewa na ardhi. Siku hiyo ndiyo umejua mtaro wako unapita wapi na unamwagia nani. Watu walituona tumerukwa na akili. Mimi nilipata kikohozi ambacho mke wangu alikizoea kama mtoto wa nyumba.

Na ardhi yetu hii mnaijua. Juu udongo mweusi mzuri wa ngano, lakini ukichimba hivi mpaka gotini unakuta maram, ule udongo mwekundu wa changarawe, ngumu kama sakafu. Maji hayana mlango wa kushukia. Yanatambaa kwa pembeni, chini ya majani, mpaka yapate uwanja wa mtu. Kwa hiyo anayekwambia "mwaga tu hapo, yatazama" anakudanganya, au hajawahi kulala kwenye nyumba ya udongo.

Arap Birir aliacha kazi magoti yalipomkatalia, akarudi kwa watoto wake upande wa Soy. Kikosi kikabaki mikononi mwangu, na ndipo yakaja mambo yaliyonifanya nishike kalamu leo.

Chini ya mji, kuelekea mto Sosiani, kulikuwa na barabara ya mwisho ya Wazungu, nyumba za bati jekundu na bustani za maua. Chini ya bustani hizo ulipita ua mrefu wa kayaba, ile ya miiba. Na chini ya kayaba, kabla ya mto, kulikuwa na safu ya nyumba za udongo za watu wetu: dobi, mpishi, mlinzi wa duka. Waliruhusiwa kukaa pale kwa sababu moja tu. Palikuwa kinamasi. Hakuna mtu mwingine aliyepataka.

Nyumba ya katikati ilikuwa ya Mama Rasoa, mjane wa kwetu Maragoli aliyefua nguo za hoteli. Bwanake alikufa kwa kichomi akamwachia binti mmoja, Rasoa, aliyekuwa akisoma shule ya misheni na kusoma vizuri. Shemeji yake kule nyumbani alikuwa amesema wazi mbele ya wazee kwamba hao wawili wakirudi, msichana ataweka kitabu chini aolewe. Na sheria ya mji ilikuwa hivi: nyumba ya pale ikianguka, hairuhusiwi kujengwa tena. Sasa mnaelewa. Ule ukuta wa udongo ukianguka, ni kufunga mizigo kurudi Maragoli, na shule ya Rasoa imekwisha.

Juu yake, ng'ambo ya kayaba, alikaa Memsabu mmoja aliyependa maua kuliko watu. Mvua ya mwezi wa nne ikaja ya kweli kweli. Bustani yake ya nyuma ikajaa, maua yakaelea, kuku wakapanda juu ya banda lao, na choo kikaanza kurudisha. Memsabu akapiga simu. Mimi na kikosi changu tulikuwa tumetumwa kwenye kalivati, bomba la maji la chini ya barabara ya Soy. Basi bwana mkubwa wa kazi, tuliyemwita Bwana Upesi kwa vile neno hilo halikukauka mdomoni mwake, akatuma kikosi kingine. Wakachimba mtaro mmoja ulionyooka kutoka jikoni kwa Memsabu mpaka kwenye kayaba, wakatoboa chini ya kayaba, wakafunga kazi. Bustani ikakauka siku hiyo hiyo. Memsabu alifurahi, nasikia aliwatolea chai.

Na maji yalienda wapi? Hakuna aliyeuliza! Kwao kayaba ilikuwa ndiyo mwisho wa dunia.

Niliporudi kutoka Soy nilimkuta Mama Rasoa amesimama mbele ya stoo yetu ya vyombo, leso imefungwa kiunoni kwa vita.

"Baba Yona," akaniita, maana kifungua mimba wangu ni Yona, "nyinyi watu wa mitaro mlizaliwa na wanawake ama mliokotwa?"

"Kuna nini, Mama Rasoa?"

"Njoo uone kuna nini! Mchana nafua shuka za wageni zikawa nyeupe, jioni naenda kulala na choo ya Memsabu chini ya kitanda."

Nikaenda. Haki ya Mungu, niliona aibu kuwa na beleshi mkononi. Uwanja wa nyuma, upande wa mtoni, wote ulikuwa bwawa, maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, na ukuta wa nyuma umelowa mpaka dirishani. Juu ya ukuta kulikuwa na msalaba wa chokaa. Huo ulipigwa na Bwana Afya, yule Mzungu wa kukagua usafi wa viwanja. Maana yake kila mtu aliijua: nikirudi nikute ukuta huu bado unalia, nyumba inabomolewa. Rasoa alikuwa ameketi juu ya meza, miguu ameikunja, anafanya hesabu zake za shule.

Nikamfuata Bwana Upesi ofisini.

"Bwana, ule mtaro wa kwa Memsabu unamwaga maji kwa nyumba za watu."

"Kwa Memsabu maji bado iko?"

"Hapana, Bwana, lakini huko chini..."

"Basi kazi nakwisha. Hapana leta maneno mingi. Toka, upesi!"

Nilitoka. Huyu mtu hakuwa mjinga. Alijua maji yana uzito na yanateremka. Alichoshindwa kuona ni kwamba pale yanapoteremkia kuna mtu ameketi juu ya meza. Na asiyetaka kuona huwezi kumwonyesha kwa taa.

Mvua ya mchana iliyofuata nikaenda na gunia langu la makapi. Nikayamwaga pale mtaro wa Memsabu unapotokea chini ya kayaba, nikatembea nayo. Nilitegemea maji yavuke uwanja wa Mama Rasoa yashuke mtoni, kwa maana mteremko upo. Hayakushuka. Yaliingia uwanjani, yakazunguka kama ng'ombe waliokosa lango, yakalala. Nikauangalia ule uwanja vizuri, nikaelewa, nikacheka kwa uchungu.

Nyinyi mnajua uwanja wa mwanamke wa kwetu. Asubuhi kabla ya uji anafagia. Anaanzia mlangoni, anasukuma nje mpaka mwisho wa uwanja, na pale mwisho anaacha taka, majivu na kale kavumbi kote. Mama Rasoa alikuwa bingwa. Ungeweza kula ugali juu ya ardhi yake. Lakini kila asubuhi ufagio unachukua udongo kidogo, na miaka inapita. Uwanja wake ulikuwa umeshuka ukawa bakuli, na upande wa mtoni zile taka zilikuwa zimepanda zikawa ukingo mrefu, umeshikana, umeota majani. Maji ya Memsabu yalipoingia, yalifungiwa na ufagio.

"Mama Rasoa," nikamwambia taratibu, "maji yanakaa hapa kwa sababu ya kufagia."

Lo! Nilidhani atanipiga na huo ufagio. "Unasema mimi ni mchafu?"

"Nasema umekuwa msafi kupita kiasi."

"Nisipofagia, Bwana Afya ananipeleka baraza! Majirani walipelekwa kwa ajili ya majani ya mti, Baba Yona. Majani! Sasa nifanye nini? Nikifagia nyumba inaanguka, nisipofagia nashtakiwa. Niambie wewe unayejua maji."

Mpaka leo nikikumbuka maneno yale damu inanipanda. Mtu yule yule aliyemlazimisha kufagia ndiye aliyempigia msalaba ukutani kwa sababu uwanja umeshuka. Sheria ikikuuma mbele na nyuma hivyo, jameni, hiyo si sheria, ni mbwa.

Basi tukaamua kufanya wenyewe. Jumapili baada ya ibada, watu wa safu ile walivua nguo za kanisani wakavaa magunia. Mzee wa kanisa alinung'unika kwamba tunavunja Sabato. Mama Rasoa akamwuliza kama ng'ombe akitumbukia shimoni siku ya Bwana anaachwa, na baadaye nikamwona mzee huyo na karai kichwani kama wengine. Wanawake walibeba mawe kutoka mtoni. Wanaume tulichimba.

Hapa msikilize vizuri, kwa maana hii ndiyo kazi. Hatukuuziba mtaro wa Memsabu. Ukiziba maji umeyakasirisha tu. Tulichimba mtaro wetu kwa kulala, sambamba na kayaba, uyadake maji yanapotokea kabla hayajagusa uwanja, uyapeleke kando mpaka nyuma ya nyumba ya mwisho, kwenye matete ya mtoni pasipokaa mtu. Mteremko niliupima kwa chupa ya dawa iliyojazwa maji karibu ijae, nimeilaza juu ya ubao ulionyooka: kale kapovu ndani kakipanda kidogo tu upande wa juu, hapo sawa. Ukiinamisha sana maji yatakula mtaro wako wenyewe. Tukashuka mpaka kwenye maram, tukapanga mawe makubwa chini, madogo juu yake, halafu nyasi, halafu udongo. Ule ukingo wa taka tuliukata katikati, na uwanja tukaujaza maram tukaushindilia mpaka ukapanda juu ya viwanja vya majirani. Mama Rasoa alishindilia mwenyewe kwa gogo, akiimba nyimbo za kanisa kwa hasira.

Mvua ikaja tena. Tulisimama wote uwanjani tumejifunika magunia, hakuna aliyekimbilia ndani. Maji yalitoka chini ya kayaba yakiwa na maua ya Memsabu juu yake, yakafika kwenye mtaro wetu, yakageuka. Yakageuka kabisa! Yakaenda zake matete. Watu walipiga vigelegele. Mlinzi wa duka, mtu mzima mwenye ndevu, alicheza. Nimechimba mitaro mingi katika maisha yangu, mingine ya mawe ya kuchonga na saruji, lakini hakuna uliowahi kunifurahisha kama ule.

Ukuta ukakauka. Bwana Afya akarudi na ndoo yake ya chokaa, akagusa ukuta kwa mkono, akaukanyaga uwanja kwa kiatu, hapa na pale. "Mzuri," akasema. "Mzuri sana." Akamwambia mtu wake aufute ule msalaba. Mama Rasoa alipiga magoti pale pale akamshukuru Mungu, na mimi nikavua kofia. Lakini Bwana Afya hakuondoka. Alisimama akitazama uwanja, akatazama safu yote, akatazama juu kwenye kayaba na chini kwenye mto, kama mtu anayechagua ndama mnadani. Sikuupenda ule mtazamo.

Kabla mahindi hayajakauka mashambani, vigingi vikaja. Vilipigwa kuanzia kwenye kayaba mpaka nyuma ya nyumba ya Mama Rasoa, safu nzima ndani. Nikaenda kwa Bwana Upesi mbio, sikugonga hata mlango.

"Bwana, vile vigingi ni vya nini?"

"Memsabu nataka banda ya motokaa. Na bustani kubwa kidogo. Ile mahali sasa iko kavu, iko mzuri."

"Lakini Bwana, pale pana watu. Walipewa ruhusa."

Akaweka kalamu chini, akanieleza polepole kama anayemfundisha mtoto. "Musa. Wale watu napata ruhusa kukaa kwa kinamasi. Sasa kinamasi hapana iko. Ruhusa hapana iko."

Mmesikia? Someni tena. Nilikuwa nimesikia matusi ya kila namna katika kazi hii, ya mama na ya baba, lakini hilo ndilo lililonichoma kuliko yote, na halikuwa hata tusi. Alisema kwa utulivu, alidhani amenieleza vizuri! Nikamwambia, "Bwana, yale ni mambo mabaya." Akasema, "Upesi," akashika kalamu yake.

Tulijaribu. Mzee wa kanisa alienda kwa mishenari, mishenari akaenda kwa mkubwa fulani, mkubwa akasema atatazama. Alitazama mpaka siku ya kuhama ikafika. Wengine wa safu ile walipata pa kujibanza kwa ndugu zao mjini. Mama Rasoa hakuwa na ndugu mjini.

Asubuhi ile nilimwomba dereva wa lori la mahindi awachukue yeye na binti yake. Nilibeba kitanda, nikabeba beseni zake za kufulia, nikabeba mlango, kwa sababu mlango ulikuwa wake. Rasoa alishika vitabu vyake mwenyewe, alikataa nivishike. Hakulia. Aliniuliza swali moja tu: "Baba Yona, kule shule ya misheni iko karibu?" Nikamwambia iko. Ilikuwapo kweli, lakini yeye na mimi wote tulijua kwamba hilo silo aliloniuliza.

Mama Rasoa alikuwa ameshapanda juu ya magunia. Nilijiandaa kutukanwa, na wallahi ningefurahi anitukane. Aliutazama uwanja wake, mkavu, mgumu, umepanda juu ya majirani, hauna hata dimbwi la kunywa ndege. Halafu akanitazama mimi, bila ubaya wowote usoni.

"Ungeniachia tu maji yangu, Baba Yona," akasema. "Tungezoeana."